Mstari wa Nne, Kiti cha Katikati

Tiketi ilikuja kwa posta, na kikaratasi:
"Njoo, Nibaldo. Ni yetu sote wawili."
Nikavaa koti la mazishi, sina jingine,
nikashuka mlimani kwa lifti ya reli,
kongwe ile ile, chuma kikilia juu ya chuma.

Watu husema aliye juu mngoje chini.
Valparaíso iliupindua msemo:
juu ni kwetu, mabati na upepo,
mabomba yasiyofika, mbwa wasio na mwenyewe;
chini ni kwao Fermín, sakafu zinazonukia nta,
na mama yangu Eduvina katikati, ngazini,
na furushi la shuka za watu kwapani.

Taa zikazimwa.

Nikamwona mama. Kapewa mwigizaji mzuri,
shingo ndefu, mikono laini kama unga.
Ya mama ilipasuka kwa klorini.
Akinipapasa usiku ilinikwaruza,
nikakua nikidhani ndivyo upendo ulivyo.

Mle ndani mimi naitwa Pedro.
Sijui kwa nini. Labda Nibaldo ni jina la juu mno kilimani.

Lakini baiskeli ni ile.
Wekundu wake kaupata barabara,
na zamu zetu: yeye raundi tatu, mimi moja,
kisha mbili kwa mbili,
kisha hakuna aliyehesabu.
Maziwa ya unga tuliyolamba kwa kidole, yamo.
Foleni ya mkate, imo.
Baba yake akizima redio kila nikiingia sebuleni,
yumo, na ukumbi mzima ukacheka.
Mimi harufu ya kahawa ya kweli ilinijia puani,
nusu karne imepita, nikameza mate.

Ikafika asubuhi ya Septemba.

Katika filamu mvua inanyesha.
Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na ukungu,
na manowari zilizoaga jana yake
zimerudi usiku, zimejaa bandarini
bila kubisha hodi.
Katika filamu wanampakia kaka yangu kwenye lori,
na mtoto wa miaka kumi na mmoja analikimbilia,
anaita Pedro, Pedro, kiatu kimoja kimemtoka,
fidla zinalia,
na mama wa kando yangu anatafuta leso.

Fermín. Hukukimbia.
Nilibisha mlango wenu mara nne.
Nilikuona ghorofani. Pazia lilikuwa la kijani,
ukalivuta polepole,
kama mtu anayemfunika mgonjwa.
Nikaiegemeza baiskeli ukutani.
Ilikuwa zamu yako.

Eleuterio hakurudi. Hilo filamu haikukosea.

Nje, kasimama mlangoni, kipara, fimbo mkononi,
watu wanampa mkono wa pongezi.
Aliponiona akaiacha mikono yao hewani.
"Umeionaje?"
Nilikuwa na maneno. Nimeyabeba miaka mingi,
nimeyanoa, nimeyapanga kwa urefu.
Nikasema: "Siku ile hakukuwa na mvua."

Akatazama viatu vyake.
"Najua," akasema. "Na pazia lilikuwa la kijani."

Lifti ilikwishafungwa. Akasema atanisindikiza.
Nikamwambia ngazi ni mia mbili na kitu,
akasema anazijua, kumbe hazijui,
hakuwahi kupanda hadi kwetu, hata mara moja,
mimi ndiye niliyekuwa nikishuka.

Ya arobaini alikuwa anahema.
Ya sitini akakaa chini, suti na yote,
akasema nenda, nenda tu, nitakufuata.
Mbwa mmoja akaja kumnusa.

Nikapanda tatu zaidi.
Nikageuka. Taa za bandari zilikuwa nyuma yake
na uso wake sikuuona.
Sijasamehe, nataka hilo lieleweke.
Nilisimama tu pale, juu,
nikamngoja.